Chahan ya nyumbani inaanza na kiporo

Kwetu Tanga, asubuhi inayofuata usiku wa wali ilikuwa na harufu yake. Mama alikatakata kitunguu, akakikaanga kwa mafuta kidogo mpaka kikaanza kugeuka rangi, kisha akamwagia kiporo cha jana huku chai ya rangi ikichemka pembeni. Sisi watoto tuligombea ukoko. Huu ni mwaka wangu wa saba Kobe, Japani, na ilinichukua karibu miaka miwili kutambua kwamba chahan, wali wa kukaanga wa Kijapani niliokuwa nikiuharibu kila Jumamosi, ni ndugu wa kiporo kile. Nilikuwa naupika kama chakula cha mgahawa. Nilipoanza kuupika kama kiporo, ukakubali.

Naandika haya kwa sababu ndugu na marafiki, walio huku na walio nyumbani, wananiuliza kila mara chahan inapikwaje. Wengi wameshaangalia video za wapishi wa mgahawani, moto unaruka juu, karai linatupwa na kudakwa, wali unapaa hewani. Inapendeza kutazama, lakini hivyo sivyo wanavyopika majumbani. Nyumba ya Kijapani ya kawaida ina jiko la gesi la plate mbili au tatu, kikaango kimoja kisichogandisha, na friji yenye vitu nusunusu: kipande cha kitunguu, karoti iliyokatwa juzi, mayai. Chahan ya nyumbani imezaliwa humo.

Jina lenyewe linachanganya watu. Chahan limetoka kwenye neno la Kichina, chaofan, wali wa kukaanga. Lakini huku Kansai, yaani Osaka, Kyoto, Kobe na jirani zao, watu wa umri mkubwa wanapenda kusema yakimeshi: yaki ni kuchoma au kukaanga, meshi ni wali. Wapo watakaokuambia kwamba chahan ni ile unayotanguliza yai, na yakimeshi ni ile unayotanguliza wali. Nimewauliza watu wengi, na kila mmoja ana jibu la kwao. Mimi nitasema chahan, kwa sababu ndilo jina mtakaloliona dukani na mgahawani.

Sasa kosa langu, maana naamini ni kosa la wengi.

Nilikuwa napika wali kwenye suihanki, lile jiko la umeme la wali, nikiuacha uive vizuri, halafu ukiwa bado unafuka mvuke nauhamishia kwenye kikaango. Wageni watatu wanakuja, napika wa watatu kwa mpigo. Moto mkubwa kabisa, maana ndivyo nilivyoona kwenye video. Sosi ya soya naimimina juu ya wali mpaka uwe kahawia. Matokeo yakawa yaleyale kila mara: wali umegandamana mabonge, chini umeshika, juu umelowa, na yai limepotea ndani yake kama halikuwahi kuwekwa. Bokoboko. Nikaongeza mafuta, nikidhani ni ukavu wa kikaango. Ukawa bokoboko lenye mafuta.

Jioni moja ya Novemba jirani yangu wa chini alipanda kuniletea matunda ya kaki aliyotumiwa kutoka kijijini kwao. Ni mama wa miaka sabini na kitu. Ana kwa ana namwita kwa jina lake la ukoo na kumalizia na "san", kama desturi ya huku inavyotaka, lakini hapa nitamwita bibi, maana nyumbani ndivyo ningemwita. Mlango ulikuwa wazi na kikaango kilikuwa motoni. Akachungulia, akaniuliza ule ni wa watu wangapi. Nikamjibu watatu. Akavua viatu, akaingia, akachukua bakuli, na bila kusema neno akachota theluthi mbili za wali zikatoka kikaangoni. Kisha akanionyesha kidole kimoja: mtu mmoja, mtu mmoja.

Kama una muda wa kusoma aya moja tu, iwe hiyo. Kikaango cha nyumbani kinaweza sahani moja kwa wakati mmoja, mbili ukiwa na moto mzuri na mkono uliozoea. Sababu ni ya kawaida kabisa. Wali una maji mengi ndani yake. Ukiuweka kidogo kwenye chuma cha moto, maji ya juu ya punje yanageuka mvuke na kuondoka. Ukiuweka mwingi, chuma kinapoa, mvuke unakosa pa kutokea, na wali unachemka upya badala ya kukaangika. Majiko ya migahawa ya Kichina yana nguvu mara kadhaa kuliko ya nyumbani, ndiyo maana wao wanaweza sahani nne kwa karai moja na sisi hatuwezi. Tusishindane nao.

Tena kwa wanaoishi Japani kuna jambo moja lililonisumbua sana kabla sijaelezwa. Unawasha moto mkubwa, unaacha kikaango kipate moto, na ghafla mwali unajipunguza wenyewe. Nilifikiri gesi imekwisha. Kumbe majiko ya gesi ya nyumbani yanayotengenezwa huku tangu Oktoba 2008 lazima yawe na kihisi joto kwenye kila plate, kile kidude kinachochomoza katikati na kugusa kitako cha chombo. Joto likifika karibu nyuzi 250 jiko linashusha moto ili mafuta yasiwake. Na kwenye baadhi ya majiko, ukikinyanyua kikaango kurusha wali, jiko linahesabu kwamba chombo kimeondolewa na linapunguza moto vilevile. Kwa hiyo kurusha wali hewani nyumbani kunakupotezea joto mara mbili. Kikaango kikae palepale, mkono ndio utembee.

Tuje kwenye wali, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo chahan inapoharibika au kutengenezeka kabla hujawasha moto.

Mchele wa Kijapani una punje fupi, nene, na unashikana ukiiva. Wanga wa mchele una sehemu mbili, amilosi na amilopektini. Ile ya kwanza ikiwa nyingi wali unachambuka, ikiwa chache unanata. Koshihikari, mchele unaopendwa kuliko yote huku, una amilosi ya asilimia 17 hivi. Mchele mrefu kama basmati huzidi asilimia 20. Ndiyo maana sisi tunasifu wali uliochambuka punje moja moja, na Mjapani anasifu wali unaoweza kushikwa kwa vijiti viwili. Lakini ukifika kwenye chahan Mjapani anageuka na kutaka kama sisi! Wana neno lake, parapara: punje zinazoachana na kumwagika. Kinyume chake ni bechabecha, na mtu yeyote aliyezoea Kiswahili chenye chapachapa na tepetepe ataelewa bila mkalimani.

Kazi yako, basi, ni kuufanya wali unaonata uchambuke, na msaidizi wako ni muda. Wali ukipoa, wanga wake unajipanga upya na kukakamaa, na unyevu wa juu unapungua. Kwenye friji hilo linakwenda haraka zaidi, ndiyo maana wali wa friji unakuwa mgumu kama kokoto ukiula hivyohivyo. Ugumu huo, unaochukiza kwenye wali mtupu, ndio unaofaa kikaangoni.

Bibi anafanya hivi, na mimi nimemfuata. Wali ukishaiva, ule wa kuliwa unaliwa. Unaobaki haungoji ndani ya suihanki. Anaugawa papo hapo, ukiwa bado wa moto, kwenye karatasi ya nailoni ya kufungia chakula, kila furushi la mtu mmoja, bapa kama kitabu chembamba. Ukipoa kidogo unaingia kwenye friza. Siku ya kupika anautoa, anaupasha kwenye maikrowevu mpaka uwe vuguvugu, anaufungua na kuuchambua kwa vidole vilivyoloweshwa maji kidogo. Haupiki ukiwa wa baridi kali, kwa sababu furushi la baridi likigusa kikaango linauwa joto lote. Haupiki ukiwa unafuka mvuke pia. Vuguvugu, mkono uweze kuushika. Wapo wapishi wa huku wanaosema wali wa moto uliopikwa kwa maji pungufu ndio bora, na nimewahi kula chahan nzuri sana iliyopikwa hivyo. Inahitaji kupima maji vizuri na kuwahi. Kwa anayeanza, kiporo kinasamehe zaidi.

Kuna sababu nyingine ya kuthamini kiporo siku hizi. Majira ya kuchipua ya 2025 mfuko wa mchele wa kilo 5 dukani ulipita yen 4,000, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia, na serikali ikalazimika kutoa mchele kutoka maghala ya akiba. Watu waliokuwa wakitupa mabaki wakaacha. Bibi alinikumbusha neno mottainai, ambalo ni kama kusema usikitupe, bado kina thamani, na aliponisikia natoka Afrika Mashariki alimtaja papo hapo Profesa Wangari Maathai. Mwaka 2005 Profesa alipokuja Japani alilipenda neno hilo akalitembeza duniani kote. Wazee wengi wa huku wanamkumbuka kwa hilo. Nilisikia fahari, nikasimama na mwiko mkononi nikimsikiliza.

Hata hivyo, kiporo kina sheria yake, nami nasisitiza hili kuliko ladha. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye vijidudu vyake vya mbegu vinastahimili kuchemshwa. Wali ukikaa saa nyingi katika joto la chumba wanaamka, wanazaana, na kutoa sumu inayotapisha. Sumu hiyo haifi kwa moto wa kikaango. Kwa hiyo wali uliolala nje usiku kucha katika joto la Agosti la Kobe, au la Desemba la Tanga, usijidanganye kwamba ukiukaanga sana utakuwa salama. Kama huna friji, pika wali asubuhi, utandaze kwenye sinia pana, upepee au uweke mbele ya feni kwa nusu saa, kisha ukaange papo hapo. Kwa chahan, nusu saa ya sinia na upepo inafanya karibu kazi yote ambayo friji ingeifanya usiku mzima.

Haya, tupike. Kwa mtu mmoja chukua wali wa gramu 200, yaani bakuli la wali la Kijapani likijaa na kufura juu kidogo. Kikombe cha suihanki, ambacho wanakiita go, ni mililita 180. Ukijaza mchele unapata gramu 150 hivi, na ukiiva unakuwa wali wa gramu 330, kwa hiyo go moja inakutosha chakula cha usiku na chahan ya kesho. Yai moja. Mafuta ya kupikia kijiko kimoja cha chakula. Kipande cha kitunguu kirefu cha Kijapani, naganegi, urefu wa kidole cha kati. Ukikosa, majani ya kitunguu yanafaa, na kitunguu maji kinafaa pia ukikikata vidogo sana na kukikaanga mapema kitoe maji yake. Chumvi robo ya kijiko cha chai, pilipili manga, sosi ya soya kijiko kimoja cha chai. Na kitu kimoja cha kutia ladha: kuku aliyebaki, kamba wachache, jodari wa kopo aliyekamuliwa mafuta, samaki wa kuchoma aliyechambuliwa. Kimoja. Nimejifunza kwa uchungu kwamba ukiweka karoti, njegere, mahindi, hoho, kuku na kamba pamoja, unapata mboga zenye wali, na maji ya mboga yanaurudisha wali kwenye bokoboko. Bibi huweka kitunguu, yai, na kitu kimoja kingine, basi.

Kata kila kitu kabla ya kuwasha jiko. Vunja yai, lipige, liweke mkononi. Wali uwe kwenye bakuli, umeshachambuliwa, umeshanyunyiziwa chumvi na pilipili manga. Sosi ya soya iwe tayari kwenye kijiko au kikombe kidogo. Nasema hivi kwa sababu kuanzia yai hadi sahani ni dakika tatu, na katika dakika tatu hakuna nafasi ya kutafuta kizibo cha chupa.

Tanguliza kuku au kamba kwenye mafuta, wapate rangi, watoe kando. Kama chombo chako ni cha chuma, kiache kipate moto mpaka kianze kutoa moshi mwembamba ndipo utie mafuta. Kama ni kisichogandisha, usikiache kikavu motoni, tia mafuta mapema na subiri yaanze kutembea mepesi kama maji. Mimina yai. Litafura pembeni mara moja. Hesabu tano tu. Yai likiwa bado nusu bichi, mwaga wali wote juu yake, geuza chini juu, na uanze kuukata kwa ubapa wa mwiko. Kukata, si kuponda. Ukiponda unazivunja punje, na punje iliyovunjika inatoa wanga wake wa ndani na kugandamana tena. Bonge likionekana, liegemeze kwenye chuma, liguse taratibu kwa mgongo wa mwiko, litaachia lenyewe.

Hapa ndipo yai linapofanya kazi ambayo sikuijua. Likiwa bado bichi kidogo linazivisha punje utando mwembamba, na utando ukiiva unazizuia kushikana. Ukisubiri yai liive kabisa ndipo utie wali, unapata wali na vipande vya yai, kila kimoja na lwake. Wengine huchanganya yai na wali kwenye bakuli kabla ya kukaanga, ili kila punje iwe ya manjano. Watoto wanaipenda hiyo, na kwa anayeogopa kuchelewa ni njia rahisi. Mimi naona inapoteza vile vipande laini vya yai ninavyovitafuta kwa kijiko.

Wali ukianza kuwa mwepesi mkononi, utausikia. Mwiko unapita bila kuvuta, na sauti inabadilika kutoka kuchemka kuwa kukwaruza. Rudisha kuku, tia sehemu nyeupe ya kitunguu, zungusha mara chache. Kisha sukuma wali upande mmoja, uache sehemu ya chuma wazi, na mimina sosi ya soya pale kwenye chuma, si juu ya wali. Itafoka na kutoa povu na harufu itapanda. Ngoja ipige povu, changanya haraka, tia majani ya kijani ya kitunguu, zima.

Harufu hiyo ndiyo kazi ya sosi ya soya kwenye chahan. Ladha ya chumvi imeshatoka kwenye chumvi yenyewe. Wengi wetu tunadhani wali wa kukaanga wa Kiasia lazima uwe kahawia, tunaumwagia sosi mpaka unalowa na kuwa mchungu. Chahan ya nyumbani ya huku ni ya rangi hafifu, unaona weupe wa wali, manjano ya yai, kijani cha kitunguu. Kijiko kimoja cha chai kwa sahani. Ukikiona ni kidogo, kionje kwanza.

Kuhusu viungo vya kuongeza utamu: nyumba nyingi zina kopo la unga wa supu ya kuku au chupa ndogo ya Ajinomoto. Kitu chenyewe kina historia ya hapahapa. Mwaka 1908 profesa Ikeda Kikunae wa Tokyo aligundua kwamba utamu wa supu ya mwani wa konbu unatokana na glutameti, akauita umami, na mwaka uliofuata ukaanza kuuzwa kama kiungo. Bibi hutia kiasi cha ncha za vidole viwili. Mimi mara nyingi natia vipande vya katsuobushi, samaki mkavu anayekwanguliwa kama maranda ya mbao, nikimsugua viganjani awe unga. Bila chochote katika hivyo pia inalika vizuri.

Sasa kwa Waislamu wenzangu walio huku, na ninajua mko wengi, kuna mambo ya kuangalia. Chahan ya migahawani mara nyingi ina nyama ya nguruwe iitwayo chashu na hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, hata ile iliyoandikwa ya kamba. Zile pakiti za unga wa kuchanganyia chahan zinazouzwa dukani nilinunua mwezi wangu wa kwanza, nikazitumia kwa wiki mbili, kisha mwanafunzi mwenzangu akanisomea nyuma ya pakiti. Nililia. Tangu siku hiyo nilijifunza herufi 豚, ambayo ni nguruwe, na maneno ポークエキス, dondoo ya nguruwe, na ラード, mafuta yake, kabla sijajifunza kuandika anwani yangu. Ham na soseji za dukani kwa kawaida ni nguruwe. Sosi ya soya inachachushwa, na nyingine huongezewa alkoholi, herufi zake 酒精. Hapo kila mtu na fatwa anayoifuata, mimi nanunua isiyoongezewa. Hapa Kobe tuna bahati. Msikiti wa Kobe, wa kwanza kujengwa Japani, umesimama tangu 1935, ulinusurika mabomu ya vita na tetemeko la 1995, na mtaani kwake kuna maduka ya halali yenye kuku wa kugandishwa kutoka Brazil, viungo na mchele wa basmati. Chahan yangu ya kuku huanzia kwenye kapu la Ijumaa baada ya swala.

Mnaopika Dar, Mombasa au Bujumbura mnaniuliza kama ni lazima mchele wa Kijapani. Si lazima. Mchele wa Kyela, basmati au wowote mrefu unakaangika kirahisi kuliko wa huku, kwa sababu umeshachambuka tayari. Tofauti ni mdomoni: mchele mfupi ukikaangwa vizuri unachambuka kwenye sahani lakini ukitafuna una unene na mvuto ndani, na huo ndio utamu Wajapani wanaoutafuta. Kwa mchele wetu punguza mafuta, na kumbuka kwamba sisi wengi tunapika wali na chumvi na mafuta tangu sufuriani, wakati wa huku unapikwa kwa maji matupu. Usipopunguza chumvi ya kikaangoni utaumia. Wali wa nazi siushauri kabisa. Unachacha upesi, na kwenye chuma cha moto tui linaungua kabla punje hazijakauka. Kiporo cha pilau kina ladha yake na hakihitaji sosi ya soya, kipashe ukile kama kilivyo.

Chahan hupakuliwa kwa kuishindilia kidogo kwenye bakuli na kuipindua kwenye sahani, itoke kama kichuguu. Kwa mchele mrefu kichuguu hakisimami, na si neno. Pembeni huwekwa tangawizi nyekundu ya siki, beni shoga, na bakuli dogo la supu ya mwani au ya yai. Huliwa kwa kijiko. Wageni wangu wengine hujitahidi na vijiti wakidhani ndiyo adabu, lakini Wajapani wenyewe wanachukua kijiko.

Ukiwa na wageni, kaanga sahani moja, ipakue, pangusa kikaango, anza ya pili. Wa kwanza asisubiri, ale ingali moto. Nyumbani kwetu hilo lingekuwa gumu, tumezoea sinia moja na watu wote kukaa pamoja, na mwanzoni niliona haya kumwambia mgeni aanze peke yake. Sasa nawaweka jikoni. Wanakula wamesimama karibu na jiko, tunaongea, zamu inazunguka, na mimi nakula ya mwisho.

Mtaa wa Nagata, hapahapa Kobe, una mwenzake chahan aitwaye sobameshi: tambi za yakisoba na wali vikikatwakatwa pamoja kwenye bamba la chuma. Inasimuliwa kwamba wafanyakazi wa viwanda vya mtaani, vya viatu na vinginevyo, walikuja na wali wa baridi kwenye vyombo vyao vya chakula na kumwomba mwenye kibanda cha tambi awapashie kwenye bamba lake. Niliposikia kisa hicho niliona tena jiko la mama, kiporo na kitunguu, na mtu anayetaka tu chakula cha jana kiwe cha moto kabla hajaenda kazini.

Na kama uko pwani, jaribu hii ambayo ndiyo ninayoipika zaidi siku za kazi. Huku kuna dagaa wadogo mno, weupe, wanaochemshwa kwa chumvi na kuanikwa, wanaitwa chirimen jako. Nilipowaona dukani mara ya kwanza nilisimama, maana ni dagaa mchele watupu. Waoshe wako watoke mchanga, wakauke kabisa, uwatie kwenye mafuta mwanzo kabisa, kabla ya yai, konzi moja kwa sahani. Waache mpaka waanze kurukaruka na kuwa wakavu wa kuvunjika, ndipo umimine yai juu yao. Chumvi ya wali iondoe yote, sosi ya soya iwe nusu kijiko, na badala ya pilipili manga kata pilipili mbuzi moja, uitie mwishoni pamoja na majani ya kitunguu.